Alfred Shrubb: Mfalme wa mbio ndefu aliyefungiwa kwa kosa la kulipwa

Na Mwandishi Wetu

NOVEMBA 5, mwaka 1904, katika uwanja wa Ibrox jijini Glasgow, Scotland, ambao wapenzi wengi wa michezo wanaufahamu kama ngome ya klabu ya soka ya Rangers, Mwingereza mmoja mwenye umri wa miaka 24 alikimbia kwa saa moja mfululizo. Alipomaliza, vitabu vya kumbukumbu za riadha ya ridhaa vililazimika kuandikwa upya kuanzia umbali wa maili sita hadi maili 11, pamoja na rekodi ya saa nzima.

Mwingereza huyo alikuwa Alfred Shrubb. Maili sita alizimaliza kwa dakika 29 na sekunde 59.4. Alipofikisha mita 10,000, saa zilionyesha dakika 31 na sekunde 2.4. Maili kumi, yaani zaidi kidogo ya kilometa 16, alizikamilisha kwa dakika 50 na sekunde 40.6, na ilipotimia saa moja alikuwa amekwenda mita 18,742. Rekodi ya maili kumi ilidumu kwa miaka 24, hadi Paavo Nurmi wa Finland alipoivunja jijini Berlin mwaka 1928.

Mtu mwenye kumbukumbu kama hizo angetarajiwa kuwa na medali za Olimpiki za kujaza kabati. Shrubb hakuwa na hata moja. Hakupata kukimbia katika Olimpiki yoyote, ingawa alikuwa katika kilele cha uwezo wake katika miaka ambayo michezo hiyo ilifanyika mara tatu. Sababu hazikuwa maradhi wala jeraha. Mara ya kwanza hakukuwa na fedha za kumpeleka, na baadaye alifungiwa kwa sababu alituhumiwa kupokea fedha.

Kijana wa Horsham

Shrubb alizaliwa Desemba 12, 1879 katika kijiji cha Slinfold, karibu na mji mdogo wa Horsham, katika jimbo la Sussex kusini mwa England. Hakutoka katika familia za mabwana waliopeleka watoto wao Oxford na Cambridge kusoma na kucheza. Alikuwa kijana wa kazi za mikono, na jambo hilo lina uzito katika kila kitu kilichomtokea baadaye.

Habari ya namna alivyogunduliwa imesimuliwa mara nyingi mno, na huenda imeongezwa chumvi njiani, lakini kiini chake hakijabadilika. Jioni moja, mwishoni mwa miaka ya 1890, gari la zimamoto la Horsham, ambalo enzi hizo lilivutwa na farasi, lilitoka mbio kwenda kuzima moto katika kijiji cha jirani cha Southwater. Shrubb, akiwa na mavazi na mabuti yake ya kazini, alilifukuza. Pembeni yake alikuwapo Harry Spencer, nahodha wa klabu ya wakimbiaji ya Horsham iliyoitwa Blue Star Harriers. Wakimbiaji hao wawili walikwenda sambamba na farasi, na Spencer, aliyekuwa akiujua mchezo, aliona kuwa kijana huyo hakuwa wa kawaida. Akamwingiza klabuni.

Kutoka hapo hakuchukua muda mrefu kujulikana nchi nzima. Alijiunga pia na South London Harriers, moja ya klabu kubwa za mbio za nyika jijini London, na kuanzia mwaka 1901 hadi 1904 alitwaa ubingwa wa England wa mbio za nyika mara nne mfululizo. Katika miaka hiyo hiyo minne alichukua pia mataji ya maili nne na ya maili kumi ya Chama cha Riadha ya Ridhaa cha England, kinachofahamika kwa kifupi kama AAA. Mwaka 1903 na 1904 alishinda na mbio za maili moja, umbali ambao kwa kawaida mkimbiaji wa maili kumi huwaachia wenye kasi zaidi.

Magazeti ya Uingereza yalimpa jina la utani lenye maana ya 'Muujiza Mdogo', kwa kuwa umbo lake lilikuwa dogo na aliyoyafanya yalikuwa makubwa.

Machi 28, 1903 Shrubb alishiriki mbio ambazo wakati huo zilionekana kuwa za kienyeji tu. Mataifa manne ya visiwa vya Uingereza na Ireland, yaani England, Scotland, Ireland na Wales, yalikutana katika uwanja wa mashindano ya farasi wa Hamilton, Scotland, kushindana mbio za nyika. Shrubb alishika nafasi ya kwanza. Mwaka uliofuata, katika uwanja mwingine wa farasi, Haydock Park nchini England, alishinda tena.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuyakumbuka mashindano hayo. Ndiyo yaliyokua, mataifa mengine yakijiunga mwaka hadi mwaka, na mwaka 1973 yakachukuliwa na shirikisho la riadha duniani kuwa Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika. Ni mashindano yale yale ambayo John Ngugi wa Kenya aliyashinda mara tano, ambayo timu ya wanaume ya Kenya iliyatawala mara 18 mfululizo kati ya mwaka 1986 na 2003, na ambayo Joshua Cheptegei wa Uganda aliyashinda mwaka 2019. Jina la kwanza kabisa katika orodha hiyo ndefu ya mabingwa ni la Alfred Shrubb.

Ridhaa maana yake nini?

Ili kuelewa yaliyomkuta, hapana budi kurudi nyuma kidogo. Katika karne ya 19 mbio za ushindani nchini Uingereza zilikuwa kwa kiasi kikubwa biashara ya kamari. Watu walikimbia au kutembea umbali mrefu kwa dau, watazamaji wakaweka fedha zao, na matokeo ya kupangwa yalikuwa jambo la kawaida. Katikati ya karne hiyo, mabwana wa vyuo vikuu na wa ofisi za London wakaamua kuanzisha riadha yao wenyewe, isiyo na dau wala kamari. Hiyo ndiyo iliyoitwa riadha ya ridhaa.

Lengo hilo lilikuwa na uzuri wake. Lakini klabu iliyoundwa London mwaka 1866 kusimamia riadha hiyo iliweka pia masharti yaliyowazuia mafundi na vibarua kushiriki, hata kama hawajawahi kupokea senti moja kwa kukimbia. Mtu anayeishi kwa nguvu za mikono yake, kwa mawazo ya wakati ule, hakuwa mtu wa kukaa mstari mmoja na bwana. AAA ilipoundwa mwaka 1880 mjini Oxford, iliondoa kizuizi hicho cha tabaka. Bila ya uamuzi huo, kijana wa Horsham asingepata nafasi hata ya kuanza.

Kilichobaki ni katazo la fedha, nalo lilisimamiwa kwa ukali. Zawadi ziliruhusiwa kuwa vitu, mathalani vikombe, saa au vyombo vya nyumbani, lakini si fedha taslimu. Mkimbiaji hakuruhusiwa kudai malipo ili ahudhurie mashindano, wala kukimbia dhidi ya mtu aliyewahi kulipwa.

Walter George, mkimbiaji mashuhuri wa Uingereza wa miaka ya 1880, alitaka kupambana na bingwa wa kulipwa, William Cummings wa Scotland. Njia pekee ilikuwa kuacha ridhaa, naye akaiacha. Mwaka 1886 alimshinda Cummings katika maili moja kwa dakika 4 na sekunde 12 na robo tatu, muda ambao haukufikiwa na mtu mwingine yeyote kwa karibu miaka 30.

Tatizo la katazo hili halikuwa gumu kuliona. Mwenye shamba au mwenye hisa angeweza kufunga safari ya wiki mbili kwenda mashindanoni bila kupungukiwa kitu. Kibarua aliyekosa kazi wiki mbili alikosa na mshahara. Waandaaji nao walijua kwamba jina kama la Shrubb kwenye tangazo ndilo lililojaza viwanja. Viingilio vilipatikana, klabu zikanufaika, na mtu aliyewavuta watazamaji alitakiwa arudi nyumbani na kikombe mkononi. Matokeo yake yakawa yale yale yanayojulikana kokote duniani ambako sheria haiendani na maisha. Fedha zilipita chini ya meza kwa jina la nauli na posho.

Mwaka wa rekodi

Ibrox ilikuwa hitimisho la mwaka 1904, ambao kwa kumbukumbu ulikuwa wa ajabu. Mei 12, jijini London, Shrubb alikuwa amekimbia maili tano kwa dakika 24 na sekunde 33.4. Juni 11, huko Glasgow, alikimbia maili mbili kwa dakika 9 na sekunde 9.6, rekodi iliyosimama hadi mwaka 1926 ilipovunjwa na Edvin Wide wa Sweden. Siku mbili baadaye, katika jiji hilo hilo, alikimbia maili nne kwa dakika 19 na sekunde 23.4. Rekodi za dunia zinazohesabiwa kwake katika maisha yake yote ni 28.

Takwimu hizi zisilinganishwe kwa pupa na za leo. Cheptegei alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 mwaka 2020, karibu dakika tano pungufu ya muda wa Shrubb, na mwaka huo huo Mo Farah wa Uingereza alikwenda mita 21,330 katika saa moja. Lakini Shrubb alikimbilia njia za majivu ya makaa, ambazo mvua ikinyesha hugeuka matope na jua likiwaka hutimua vumbi, na viatu vyake vilikuwa vya ngozi.

Juu ya mazoezi, Shrubb aliacha maelezo. Katika kitabu chake cha mwaka 1908 kuhusu mbio za uwanjani na za nyika alieleza kwa wazi namna alivyojiandaa. Alikimbia asubuhi na tena mchana, akichanganya siku za mwendo wa taratibu na siku za kujipima kwa saa. Kocha wa leo atakuta humo mambo mengi anayoyafahamu, ingawa maili zenyewe zilikuwa chache mno zikilinganishwa na zile za kambi za Iten au Kapchorwa.

St Louis, Athens, London

Wakati Shrubb akivunja rekodi hizo, Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1904 ilikuwa ikifanyika St Louis, Marekani. England haikupeleka timu. Safari ya meli na treni ilikuwa ndefu na ya gharama, na fedha hazikupatikana. Matokeo yake, kati ya washiriki takriban 650, zaidi ya 500 walikuwa Wamarekani. Marathon ya huko imebaki kuwa kichekesho na balaa kwa pamoja. Kati ya wakimbiaji 32 walioanza, 14 tu ndio waliomaliza, na mshindi, Thomas Hicks, alipewa njiani mchanganyiko wa pombe kali na sumu ya strikini ili asianguke. Waafrika wawili kutoka Afrika Kusini, Len Taunyane na Jan Mashiani, walimaliza wa tisa na wa 12. Walikuwa St Louis kwa ajili ya maonyesho kuhusu vita vya Makaburu, na ndio Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Olimpiki.

Katika uwanja, mbio ndefu kuliko zote zilikuwa za timu, za maili nne. Mtu wa kwanza kuvuka mstari, Mmarekani Arthur Newton, alitumia dakika 21 na sekunde 17.8. Shrubb, miezi mitatu kabla yake, alikuwa amekimbia umbali huo huo kwa muda pungufu ya hapo kwa karibu dakika mbili.

Mwaka 1906 ilifanyika michezo ya Athens, ambayo wakati huo ilihesabiwa kuwa Olimpiki ingawa baadaye iliondolewa katika orodha rasmi. Maili tano zilishindwa na Mwingereza Henry Hawtrey kwa dakika 26 na sekunde 11.8. Rekodi ya Shrubb ilikuwa bora kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Shrubb hakuwamo.

Mwaka 1908 Olimpiki ikaja London kwenyewe, safari fupi ya treni kutoka Horsham. Mshindi wa maili tano alikuwa Mwingereza mwingine, Emil Voigt wa Manchester, aliyetumia dakika 25 na sekunde 11.2. Safari hii tofauti na rekodi ya Shrubb ilikuwa sekunde 37.8. Ni kweli kwamba anayekimbilia medali huwatazama wapinzani wake kuliko saa, na Voigt alistahili ushindi wake. Hata hivyo, ni vigumu kuzitazama namba hizo tatu bila kujiuliza ni nani hasa aliyeadhibiwa. Watazamaji wa London nao walinyimwa kumwona mkimbiaji bora wa taifa lao.

Kufungiwa

Kilichomfungia Shrubb nje ya uwanja wa 1908 kilianza na safari. Mwaka 1905 alikwenda Australia na New Zealand kwa ziara ya mashindano, pamoja na mkimbiaji wa mbio fupi wa Marekani, Arthur Duffey. Watu walijaa viwanjani. Wote wawili walitambulika kuwa wanariadha wa ridhaa, na wote wawili, kwa nyakati zao, waliishia kutuhumiwa kuwa walikuwa wakipokea malipo. Kumbukumbu za Duffey zilifutwa na wakuu wa riadha wa Marekani. Shrubb alifungiwa na AAA kushiriki riadha ya ridhaa, kwa kosa la kupokea fedha ili akimbie.

Sheria ilikuwepo, na Shrubb aliijua. Hakuna haja ya kumgeuza malaika. Lakini waandaaji ambao mikono yao ilitoa fedha ndio waliobaki na viingilio vya viwanja alivyojaza, na adhabu nzito ilimwangukia mpokeaji. Alikuwa na miaka 26 hivi, umri ambao wakimbiaji wengi wa mbio ndefu ndipo huanza kukomaa.

Alifanya kile alichofanya Walter George kabla yake. Aligeuka kuwa mkimbiaji wa kulipwa waziwazi.

Farasi, mapromota na Tom Longboat

Riadha ya kulipwa ya zama hizo haikuwa na shirikisho wala kalenda. Mkimbiaji alitegemea mapromota, na mapromota walitegemea mambo ya kustaajabisha. Shrubb akakimbia dhidi ya wakimbiaji kadhaa waliopokezana, yeye akiwa peke yake. Akakimbia dhidi ya farasi. Wapo wanaosimulia habari hizo kwa kucheka, lakini kwake ilikuwa kazi, na aliifanya kwa bidii ile ile.

Soko lake kubwa lilikuwa Marekani na Canada, na bahati ilimkuta huko. Julai 24, 1908, katika marathon ya Olimpiki ya London, Muitaliano Dorando Pietri aliingia uwanjani akiongoza, akaanguka mara kadhaa, akasaidiwa kuvuka mstari, kisha akanyang'anywa ushindi uliokwenda kwa Mmarekani Johnny Hayes. Dunia nzima ilitaka kuwaona wawili hao wakikutana tena. Novemba mwaka huo walikutana katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Pietri akashinda, na homa ya marathon ikalipuka.

Aliyeingia katika homa hiyo akiwa na jina kubwa kuliko wote kwa upande wa Canada alikuwa Tom Longboat, kijana wa taifa la Onondaga, mmoja wa wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, kutoka Ontario. Longboat alikuwa ameshinda Boston Marathon mwaka 1907. Magazeti ya wakati ule yalimwandika kwa dharau ya rangi waziwazi, yakimwita mvivu kwa sababu alipumzika kati ya mazoezi magumu, jambo ambalo makocha wa leo wanawaamuru wanariadha wao wafanye.

Februari 5, 1909, Shrubb na Longboat walikutana Madison Square Garden kukimbia marathon nzima ndani ya ukumbi, kwenye njia fupi ambayo mizunguko kumi ndiyo ilitimiza maili moja. Shrubb alianza kama alivyozoea, kwa kasi, na akamwacha mpinzani wake kwa mizunguko kadhaa. Longboat hakubabaika. Akaendelea na mwendo wake, na ilipofika sehemu ya mwisho akaanza kurudisha mzunguko mmoja baada ya mwingine, huku Shrubb akitembea, akijaribu tena kukimbia, akitembea. Baada ya maili ya 24 Mwingereza huyo alikwisha kabisa, akajitoa.

Katika maisha yao walikutana mara kumi. Mbio zote za maili 20 na kuendelea zilikwenda kwa Longboat. Zote fupi kuliko hapo zilikwenda kwa Shrubb. Ni nadra kukuta wapinzani wawili waliogawana ulimwengu kwa mpaka ulionyooka namna hiyo, na mapromota waliutumia vizuri. Kila pambano lilitangazwa kana kwamba safari hii mpaka utavunjika.

Aprili 3, 1909 wakimbiaji sita waliwekwa pamoja katika uwanja wa Polo Grounds, New York: Pietri, Hayes, Longboat, Shrubb, Matt Maloney wa Marekani, na Mfaransa asiyejulikana sana aitwaye Henri St. Yves. Mfaransa huyo ndiye aliyeshinda, kwa saa 2, dakika 40 na sekunde 50.6, na Pietri akawa wa pili. Shrubb hakumaliza. Longboat pia hakumaliza. Marathon haikuwa mbio ya Shrubb, na kwa bahati mbaya yake marathon ndiyo iliyokuwa ikilipa. Angefika kileleni miaka mitano kabla au baada ya homa ile, huenda asingelazimika kuukimbilia umbali uliomshinda.

Longboat naye hakumalizika vizuri kifedha. Mkataba wake uliuzwa na mapromota kama bidhaa, na alipotoka kuwa mpeleka ujumbe katika vita kuu ya kwanza huko Ulaya alifanya kazi ya usafi wa mitaa jijini Toronto. Dola 500 ambazo jiji hilo lilimwahidi kwa ushindi wa Boston zililipwa kwa warithi wake mwaka 1980, miaka 31 baada ya kifo chake.

Kocha

Shrubb alijua kufundisha, na ujuzi huo ulimpa maisha ya pili. Mwaka 1908 alifundisha timu ya mbio za nyika ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1919, baada ya vita, alichukuliwa na Chuo Kikuu cha Oxford kuwa kocha wa kulipwa wa kwanza wa klabu ya riadha ya chuo hicho, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1926. Msomaji atakumbuka kuwa ni katika mji huo huo wa Oxford ambako AAA iliundwa mwaka 1880. Vijana wa ridhaa wa Oxford waliruhusiwa kujifunza kutoka kwa mtu ambaye wao wenyewe, kwa mujibu wa kanuni, wasingeruhusiwa kukimbia naye.

Mwaka 1928 alihamia Canada moja kwa moja, katika mji wa Bowmanville, mashariki ya Toronto, ambako alifanya kazi katika kinu cha nafaka.

Wakati huo riadha iliendelea kuwafungia watu kwa kosa lile lile. Paavo Nurmi, aliyeivunja rekodi yake ya maili kumi, alizuiwa kushiriki Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932 kwa tuhuma za kupokea malipo kwa kisingizio cha gharama za safari. Jean Bouin wa Ufaransa, aliyekwisha kuvunja rekodi za Shrubb za mita 10,000 na za saa moja, hakufikwa na mkasa huo. Aliuawa vitani mwaka 1914. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1980 tu ambapo shirikisho la riadha duniani lilianza kuruhusu fedha za wanariadha ziwekwe katika mifuko ya akiba, na mwaka 2001 neno ridhaa likaondolewa katika jina la shirikisho lenyewe.

Shrubb hakuishi kuyaona hayo, lakini alirudishiwa hadhi yake. Mwaka 1953, karibu nusu karne tangu afungiwe, alitambuliwa tena rasmi kuwa mwanariadha wa ridhaa. Alikuwa na umri wa miaka 73. Alifariki dunia mjini Bowmanville Aprili 23, 1964, akiwa na miaka 84.